Chokochoko, Uchochezi na Nani Aliyeanza

Leo tuanzie baharini, pwani ya mashariki ya Unguja, siku ya bamvua. Maji yametoka mpaka mwambani, na wanawake wameteremka na vijiti vyao vya ncha. Wanapita polepole huku wakitazama chini, wanatafuta mlango wa pweza. Mlango wenyewe haumfichiki anayejua: nje pana makombe na magamba ya kaa, maana pweza akishakula huyatoa mabaki nje ya shimo lake. Mwanamke akiona hivyo huinama, akaingiza kijiti, akaanza kuchokoa. Pweza hakai kimya. Hukikamata kijiti, hukivuta, hubadilika rangi, na mwisho hutoka mwenyewe. Kutoka kwake ndiko mwisho wake.

Wahenga wakayatazama hayo wakasema: chokochoko mchokoe pweza, binadamu hutamuweza. Kanga zenye maneno haya zimevaliwa na mama zetu, na nina hakika nyingine ilinunuliwa kwa ajili ya jirani mmoja maalumu. Tutarudi kwenye kanga. Kwanza nataka tukae kidogo na maneno yetu ya kuanzisha shari, maana Kiswahili kimeyatengeneza kwa uangalifu, na sisi wa magazeti, redio na mahakamani tumeyachukua yote tukayatia kapu moja lililoandikwa "uchochezi".

Kuchokoa, kuchokonoa, kuchokoza, chokochoko: huo ni ukoo mmoja, na wote wana kijiti mkononi. Mtu anachokozwa akiwa ametulia kwake. Hakuwa na habari na wewe. Ndiyo maana mwalimu wa darasa la pili anapowakuta watoto wawili wameshikana mashati, swali lake la kwanza ni nani aliyeanza. Anamtafuta mchokozi.

Kuchochea ni kazi nyingine, na ni ya jikoni. Weka mafiga matatu, panga kuni, washa. Kuni zinaungua kwenye ncha, zinaliwa, moto unaanza kufifia chini ya chungu. Mpishi hashiki kiberiti tena. Anazisukuma kuni ndani, basi, na moto unapanda. Hata taa ya utambi ilichochewa hivyo hivyo: ukipandisha utambi, mwanga unaongezeka. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka tusimame. Huwezi kuchochea jiko lililozimika. Ukisema fulani amechochea, umeshakiri kwa kinywa chako kwamba moto ulikuwapo kabla hajafika, na pengine kwamba chungu kilikuwa kinatokota siku nyingi.

Kutibua nako kuna adabu yake. Maji ya bwawa yametulia, juu meupe, chini tope. Anayetibua hakuleta tope, amelipandisha tu watu wakaliona. Kufitini kunahitaji watu wawili wanaopatana. Kumtia mtu ndimu kunahitaji mtu ambaye tayari amekunja ngumi, na wapambe wanaosimama pembeni wakimwambia yeye ndiye mwanamume. Na kuzua ndiko kuliko mbali na vyote hivi, maana mzushi halazimiki kuwa na moto wala tope wala pweza. Hapakuwa na kitu, naye akakitengeneza kutoka kichwani. Ukitaka kumlaumu mtu mmoja peke yake kwa jambo, mtafute mzushi. Wengine wote wana washirika.

Nimesema sisi wa vyombo vya habari tumetia yote kapu moja, na nadhani tumeyatia kwa upendeleo. Fuatilia taarifa za habari kwa wiki moja tu. Mkuu wa wilaya akisimama juu ya gari akawaambia watu wajitokeze kwa wingi, amewahamasisha. Mwanasiasa wa upande wa pili akisimama juu ya gari lile lile, uwanja ule ule, akawaambia watu wajitokeze kwa wingi, amewachochea. Vitenzi viwili, kitendo kimoja. Kinachobadilika ni nani anaandika ripoti.

Halafu, kwa namna inayonichekesha kila mwaka wakati wa bajeti, neno lile lile linavaa suti. Mradi wa reli utachochea uchumi. Mikopo itachochea kilimo. Serikali imekuja na mpango wa kuchochea uwekezaji. Hakuna aliyeitwa kituoni kuhojiwa kwa kuchochea kilimo. Na wala si makosa, ni matumizi mazuri ya neno, kwa sababu ukulima tayari upo na kinachotakiwa ni kusukuma kuni ndani. Wataalamu wa kemia walilielewa hivyo walipochukua neno kichocheo kwa ile dawa inayoharakisha mmenyuko bila yenyewe kuliwa. Mwanafunzi wa sekondari anafundishwa kwamba kichocheo hakiwezi kuleta mmenyuko usiowezekana. Kinaharakisha tu ambao ungetokea. Ningependa waendesha mashtaka wetu wapitie somo hilo.

Turudi kwenye kanga sasa, maana pwani imefanya uchokozi kuwa sanaa, na sanaa yenyewe imetunga sheria zake.

Mwanamke akitoka na kanga yenye maneno makali akapita mbele ya nyumba ya mwenzake, amesema na hajasema. Ukimwuliza, atakujibu alipenda rangi. Ukikasirika, umejitaja mwenyewe. Hiyo ndiyo nguvu ya kijembe: mpigaji anatupa neno hewani, na mwenye kujiona anaumizwa ndiye anayeliokota. Kwa hiyo kazi ya kuanzisha ugomvi inahama. Anayeonekana kuanza ni yule aliyejibu. Wazee wa pwani walifundisha watoto wa kike kupita bila kugeuka, na ukitaka kuona mtu aliyelelewa vizuri, mtazame anapopigwa kijembe.

Taarabu ikaichukua sanaa hiyo ikaiweka jukwaani. Miaka ya 1990 jijini Dar es Salaam kulikuwa na ushindani mkubwa kati ya Tanzania One Theatre, ile TOT aliyoiongoza Kapteni John Komba, na Muungano Cultural Troupe. Huku Khadija Kopa, huku Nasma Khamis. Watu walikwenda kusikiliza muziki, lakini walikwenda pia kusikia leo nani kampasha nani, na wimbo wa upande mmoja ulisubiri jibu la upande mwingine. Na ukumbini palikuwa na vita vingine vidogo. Mwanamke ananyanyuka kitini, noti mkononi, anakwenda kumtuza mwimbaji. Lakini hakuinuka wakati wowote tu. Alisubiri ule mstari. Mwimbaji akaufikia mstari, naye akanyanyuka, akacheza taratibu kuelekea jukwaani kwa njia inayopita karibu kabisa na meza ya mtu fulani, mkono ukielekea upande huo. Hakutunga wimbo, hakuimba, hakutaja jina, na bado kila aliyemo ukumbini alijua neno limekwenda wapi. Ukimfikisha mahakamani utaandika nini kwenye hati ya mashtaka? Alitoa shilingi mia tano?

Si jambo jipya. Karne ya 19 ilipoanza, Mombasa na Lamu zilipokuwa zikivutana mpaka vita vya Shela vikapiganwa, washairi nao walikuwa kazini. Muyaka bin Haji upande wa Mombasa, Bwana Zahidi Mngumi upande wa Lamu, walitupiana mashairi ya kuchokozana yaliyovuka bahari na kurudi. Wanahistoria wa leo wanayasoma mashairi hayo kujua siasa za wakati ule, jambo ambalo sidhani kama tutafanyiwa na wajukuu wetu kwa yale tunayotupiana kwenye simu.

Basi huo ndio uchokozi wenye adabu, wenye ukumbi na mipaka. Sasa twende mahali ambapo neno lilipotoka, watu walikufa.

Nairobi, Machi 1922. Harry Thuku alikuwa kijana aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya hazina ya serikali, na mwaka uliotangulia alikuwa amesaidia kuunda East African Association. Aliyasema mambo ambayo kila mtu aliyajua: kipande kinachoning'inizwa shingoni, kodi iliyopandishwa, mishahara ambayo walowezi walikubaliana kuipunguza kwa theluthi, na wanawake na wasichana wanaopelekwa mashambani kufanya kazi kwa nguvu. Tarehe 14 Machi akakamatwa. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi alikofungwa, wakalala hapo, na tarehe 16 umati ulikuwa wa maelfu. Wajumbe wakaenda kuonana na wakubwa wa serikali, wakarudi na jibu la kuwataka watu watawanyike, mambo yatashughulikiwa. Umati ukaanza kulegea. Baadhi wakaanza kuondoka.

Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru aliponyanyuka. Masimulizi ya walioshuhudia yanasema alipandisha nguo yake mpaka mabegani, akawaambia wanaume wachukue gauni lake wampe yeye suruali zao, maana wao ni waoga. Kiongozi wao yumo ndani, wanangoja nini? Katika mila za Wakikuyu kitendo hicho cha mwanamke mtu mzima ni matusi mazito kuliko yote. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea mbele kuelekea mlangoni. Polisi wakafyatua risasi. Inasimuliwa kuwa hata Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk, ng'ambo tu ya barabara, walifyatua zao. Hesabu ya serikali ilitaja watu 21 waliokufa, na wengine wamedai zaidi ya hapo. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa walioanguka mwanzo.

Niambie sasa, msikilizaji, yule mama tumwite nani? Mchokozi? Wanaume wale hawakuwa wametulia shimoni kama pweza, walikuwa wamelala nje ya kituo cha polisi siku mbili. Mzushi hawezi kuwa. Kama kuna mtu aliyewahi kuchochea kwa maana kamili ya jikoni, ni yeye: moto ulikuwa unafifia, akasukuma kuni ndani. Lakini kuni ni za nani? Kipande hakukitunga yeye, wala theluthi ya mshahara hakuikata yeye. Serikali ya koloni haikupenda swali hilo. Ilimpeleka Thuku Kismayu bila kumfikisha mbele ya hakimu, na alirudi takriban miaka tisa baadaye. Leo barabara inayopita mbele ya hoteli ile ya Norfolk inaitwa Harry Thuku Road, na Thuku yule yule anatajwa kati ya waasisi wa siasa za Kenya. Kutoka mchochezi hadi mwasisi, na wala hakubadilisha aliyoyasema.

Siku mbili tu baada ya damu ile ya Nairobi, tarehe 18 Machi 1922, huko Ahmedabad nchini India, hakimu Mwingereza alikuwa akimhukumu Gandhi kifungo cha miaka sita kwa makala zake za gazetini. Gandhi hakubishana. Alikiri kosa, kisha akasema jambo ambalo nalifupisha kwa maneno yangu: mapenzi hayawezi kuamrishwa na sheria, na mtu asiyeipenda serikali aachwe aseme hivyo ilimradi hachochei mapigano. Sheria iliyomfunga ilikuwa imeingizwa katika kanuni za adhabu za India mwaka 1870, nayo ilikataza kuamsha chuki dhidi ya serikali. Roho ya sheria hiyo ndiyo iliyowekwa pia katika kanuni za adhabu za makoloni ya Afrika Mashariki.

Tukaja kupata uhuru. Ungetegemea kwamba watu wa kwanza kuichana sheria ile wangekuwa waliochapwa nayo au na dada zake. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1958 alishtakiwa kwa kashfa kutokana na makala katika gazeti la Sauti ya TANU iliyowasema wakuu wawili wa wilaya wa Kiingereza, akahukumiwa faini au miezi sita jela, faini ikalipwa. Hata hivyo, Sheria ya Magazeti ya Tanzania ya mwaka 1976 ilikuwa na vifungu vya uchochezi, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ikavibeba tena. Kenya ilikaa na vyake mpaka mageuzi ya mwaka 1997 ndipo ikavifuta. Uganda ilimpeleka mahakamani mtangazaji Andrew Mwenda kwa maneno aliyoyasema kwenye kipindi chake cha redio mwaka 2005 baada ya ajali ya helikopta iliyomwua kiongozi wa Sudan Kusini, John Garang, na miaka mitano baadaye, Agosti 2010, Mahakama ya Katiba ikasema kosa hilo la uchochezi halina nafasi katika katiba ya nchi. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha nayo ikaona kwamba vifungu kadhaa vya sheria ile ya Tanzania ya 2016, vile vya uchochezi vikiwamo, vinakwenda kinyume na mkataba wa Jumuiya.

Lile ninalolisema mimi si la mwanasheria. Ni la mtu wa lugha. Ukizisoma sheria za namna hii utaona hazikuulizi moto uliwashwa na nani. Zinakuuliza tu kama watu, baada ya kukusikiliza, wanaweza kuichukia serikali zaidi kuliko walivyoichukia asubuhi. Kwa kipimo hicho, hata bei ya unga ni mchochezi.

Na kuna wakati hakuna neno kabisa. Mwishoni mwa Julai 1905, katika milima ya Umatumbi, huko Nandete, wazee walikuwa wameshachoka na shamba la pamba la serikali ya Kijerumani walilolazimishwa kulilima chini ya akida kwa malipo ya kudhihaki. Habari za maji ya dawa ya Kinjikitile, mganga wa Ngarambe, zilikuwa zimeshapita kijiji kwa kijiji kwa kunong'onezana. Lakini kunong'ona hakuanzishi vita. Siku ilipofika, watu waliingia shambani wakang'oa miche mitatu ya pamba. Mitatu tu. Shamba zima wangeweza kulifyeka, nao walitaka kusema, hawakutaka kuvuna. Akida akaelewa mara moja, na mapigano yakaanza. Vita vya Majimaji vikaenea kusini yote, na walioangamia, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, wanakadiriwa na wanahistoria kufika mpaka laki mbili na nusu au zaidi. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mapema kabisa, tarehe 4 Agosti, wakati vita ndiyo kwanza vinawaka. Mtawala alikuwa ameshampata mtu wake. Mganga anayepotosha watu ni maelezo mepesi kuyabeba kuliko pamba.

Usinielewe vibaya, msikilizaji. Mtu anaweza kuyasikia yote haya akafikiri ninasema maneno hayana hatia, kwamba lawama zote ziende kwa kuni. Mimi ni mtu wa redio. Sina ruhusa ya kusema hivyo, kwa sababu ya redio moja.

Radio Télévision Libre des Mille Collines ilianza kusikika Kigali katikati ya mwaka 1993. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji wake walitania, walizungumza kama vijana mtaani. Na ndani ya utani ule wakawa wanawaita Watutsi mende. Baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, utani ukaisha, na redio ikawa inataja watu na mahali walipo ili wauawe. Kesi ya watu wa vyombo vya habari ilisikilizwa Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili ya Rwanda, na hukumu ikatolewa Desemba 2003 dhidi ya Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio ile, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Lakini ninachopenda mkitazame ni rufaa, ya Novemba 2007. Majaji wa rufaa walikaa wakayapanga matangazo ya redio ile kwa tarehe. Ya kabla ya tarehe 6 Aprili wakasema yana chuki, ila hayakuthibitishwa kuwa wito wa moja kwa moja wa kuangamiza. Ya baada ya hapo wakasema ndiyo. Kwa wengine hukumu ile ilionekana baridi mno, na ninawaelewa. Hata hivyo ona kazi iliyofanyika: walikwenda kwenye neno lenyewe, wakauliza lilisemwa lini, kwa nani, na msikilizaji wake aliambiwa afanye nini.

Kazi hiyo ilionekana wazi zaidi kwa Simon Bikindi, mwanamuziki. Nyimbo zake zilipigwa sana na redio ile, na mashtaka yalikuwa yanazilenga. Mahakama ilikubali kwamba zilitumika kueneza chuki, ila haikuona imethibitishwa kwamba alihusika kuzisambaza mwaka 1994. Kilichomfunga ni barabara. Mwishoni mwa Juni 1994, kati ya Kivumu na Kayove, alipita katika msafara wa wanamgambo wa Interahamwe wenye kipaza sauti, akiwahimiza Wahutu wainuke wawamalize Watutsi. Baadaye alirudi kwa njia ile ile, akawauliza kama kazi imefanyika. Desemba 2008 alihukumiwa miaka 15. Nafikiri sana juu ya safari ile ya pili. Safari ya kwanza mtu angeweza kudai alikuwa na jazba. Aliyerudi kukagua hakuwa na jazba yoyote.

Sasa weka hayo pembeni ya jambo la karibu. Aprili 2022, uchaguzi wa Kenya ukikaribia, tume ya uwiano ya nchi hiyo, NCIC, ilitoa orodha ya maneno yanayoweza kuleta chuki. Ndani yake lilikuwamo "madoadoa", na lilikuwamo "sipangwingwi". Neno la pili lilitoka kwenye wimbo wa vijana, maana yake kwa kifupi ni kwamba mimi sipangiwi na mtu. Wanasiasa walilichukua wakalifanya kauli ya kampeni. Ni neno la majivuno, la kumkera mpinzani wako, na kwangu mimi lilistahili kukaa kwenye familia ya kijembe na kanga, pamoja na zile noti za ukumbini. Lile la kwanza ni jambo jingine. Madoadoa kwenye kamusi ni alama za chui. Kwenye Bonde la Ufa ni watu wa makabila mengine waliohamia, na "kuyaondoa madoadoa" ni maneno yaliyotangulia kuchomwa kwa nyumba katika miaka ya 1990 na tena baada ya uchaguzi wa 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alilitamka mbele ya mkutano mjini Eldoret, akakamatwa, na watetezi wake wakasema ni neno la kawaida tu. Ni la kawaida Tanga. Ni la kawaida Mwanza. Eldoret haliwezi kuwa la kawaida mpaka waliozika wazee wao wawe wamekwisha wote. Kuyaweka maneno hayo mawili kwenye orodha moja, bila kuonyesha moja ni kijembe na jingine ni panga, kulifanya vijana wacheke orodha yote, na walipocheka, lile la panga nalo likacheka pamoja nao.

Kwa hiyo nina ombi, na ni kwa wenzangu wa chumba cha habari kabla ya kuwa kwa mtu mwingine. Tuna tabia moja mbaya. Tunasoma: "anashikiliwa kwa kutoa maneno ya uchochezi." Taarifa inaishia hapo, tunakwenda kwenye michezo. Maneno gani? Hatusemi. Tunahofia kwamba tukiyarudia tutakuwa tumechochea na sisi, au tumeona polisi wameshamaliza kazi ya kufikiri kwa niaba yetu. Msikilizaji aliyeko Kasulu au Kilindini anabaki na tuhuma bila kitendo. Hawezi kujua kama mtu yule alikuwa Nyanjiru au alikuwa Bikindi, na kati ya wawili hao pana umbali mkubwa mno kuachiwa neno moja.

Kama mtu alizua, tuseme alizua, na tuseme alichozua. Kama alisema bei ya mbolea imepanda na watu wakakasirika, tuandike bei ya mbolea. Kama alisema nendeni nyumba ile mkaichome, tuandike kwamba alitaja nyumba na akataja kuchoma, na hapo hata mimi sitakuwa na huruma naye. Sentensi mbili zinatosha, hazizidi sekunde kumi hewani. Na wewe unayetusikiliza, ukisikia tena tumesema "maneno ya uchochezi" tukanyamaza, namba ya simu ya chumba cha habari unayo. Piga, uulize: alisema nini hasa?